"Musawo, usimwambie mama"

Wiki hii nimevutwa pembeni mara tatu kwenye korido. Kila mara ni mtoto mkubwa wa nyumba, kila mara sauti ya chini, ikiniita musawo (daktari au nesi, kwa Kiganda): "Musawo, usimwambie mama kwamba ni kansa. Atakufa kwa mshtuko."

Mama mwenyewe ameshushwa na boda mbele ya bango la taasisi ya saratani. Amekaa foleni ya dripu na watu walionyonyoka nywele. Jirani yake wa benchi amemweleza kila kitu, hadi mkojo unaobadilika rangi baada ya ile dawa nyekundu. Anajua! Asichojua ni kama anaruhusiwa kusema. Basi anawalinda ninyi, ninyi mnamlinda yeye, na nyumba nzima inaigiza vidonda vya tumbo.

Mshtuko upo: atalia, atakosa usingizi siku kadhaa. Ila wanaoumia zaidi ni waliodanganywa. Akipata nafuu baada ya mzunguko wa pili wa kemo, yaani dawa za kansa, anapanda basi kurudi kwao Kasese, kwani vidonda si vimepona? Na homa ikifika nyuzi 38 chembe nyeupe za damu, zile za kupambana na maambukizi, zikiwa chini, atameza dawa ya kichwa alale, badala ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Mimi huwaambia waulize, "Mama, wewe unaona huu ni ugonjwa gani?" Halafu nyamaza. Usiuzibe ukimya kwa aya za Biblia wala habari za shangazi wa fulani aliyepona. Mara nyingi atalitaja jina mwenyewe. Akisema hataki kujua zaidi, ni haki yake. Si wewe wa kumwamulia.

Yapo na mengine ninayoambiwa na familia. "Asilie, akikata tamaa ugonjwa utashinda." Machozi hayalishi uvimbe. Mpe leso, kaa naye.

"Atengewe sahani na kikombe." Kansa haiambukizi kwa kula pamoja wala kukumbatiana. Glavu vaa ukisafisha matapishi au mkojo wake siku mbili baada ya kemo, kwa ajili ya dawa iliyomo. Kisha vua, rudi mkekani mle matoke.

"Mofini ni ya anayekufa." Mofini ni ya maumivu. Hii ya maji Hospice Africa Uganda, shirika la kutuliza maumivu ya wagonjwa, wameitoa tangu 1993, na mgonjwa halipi. Wapo wanaoinywa asubuhi na kwenda sokoni. Binti mmoja aliificha chupa chini ya godoro siku nne, kwa mapenzi kabisa, na mama yake juu ya godoro lilelile akidhani sisi ndio tumemnyima.