Peupe sio kiwanja: helikopta ya uokoaji inatua wapi huko njiani

Kazi yangu ni kutembea njia za milimani na misituni natafuta sehemu ambazo helikopta ya uokoaji inaweza kutua mtu akivunjika mguu huko ndani, na swali ninaloulizwa kila siku ni "si itue tu hapo, mbona peupe?" Sasa jamani hapo peupe ndo panaponikunisha kichwa.

We unaangalia chini, rubani anaangalia hewani. Helikopta kushuka wima inaweza, ila rubani hapendi, manake ikishuka wima kwa haraka bila mwendo wa kwenda mbele inaweza kuingia ndani ya upepo wake yenyewe, ule inaousukuma chini, na hapo ukiongeza nguvu ndo kwanza unazidi kuzama. Inataka ije kwa mshazari, pua imeelekea upepo unakotoka, na ikishabeba mgonjwa ipate pa kutokea maana saa hiyo ni nzito zaidi. Kwa helikopta ya ukubwa wa kati mi naanza na mita 30 kwa 30, usiku naongeza, lakini hizo mita 30 zikizungukwa na miti mirefu pande zote hicho sio kiwanja, hilo ni shimo. Bora nipewe kabega ka mlima, kabaya kabaya hivi, ila pande mbili ziko wazi.

Afu majani. Nikifika sehemu napita na fimbo nachokonoa mguu kwa mguu, manake majani ya kufika magotini yanaficha kisiki cha nusu mita na ukiwa juu hukioni kabisa, sa fikiria mkia unashukia hapo. Mteremko ukizidi kama digrii 5 naanza kusita. Waya za umeme ndo adui mkubwa kuliko vyote, waya wenyewe hauonekani kwa hiyo tafuta nguzo, ukiona nguzo mbili jua kuna kitu katikati. Na kiwanja kinazeeka, nilishawahi kurudi sehemu niliyoiweka alama kwenye ramani mwenyewe nikakuta miche imeshanipita kimo, na ramani bado inasema H, yaani helikopta inatua hapa.

Joto nalo. Hewa ya juu mlimani ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, mapanga ya helikopta yanakosa cha kushika, kwa hiyo uwazi uleule asubuhi rubani anaukubali, saa nane mchana anaukataa au anasema atabeba mtu mmoja tu. Kuna wanaonijibu "mbona ilitua Everest", kweli, Mfaransa Didier Delsalle alitua pale mwaka 2005, mita 8,848, lakini alikuwa peke yake na helikopta imepunguzwa uzito, hakwenda kubeba mgonjwa na machela bana.

Sasa upande wenu mnaotembea. Ukipiga simu ya dharura soma namba za GPS zilivyo, na useme ziko kwa mtindo gani. Digrii moja ina dakika 60, sio za saa, ni vipande vya digrii. Digrii 12.50 ni digrii 12 na nusu, yaani digrii 12 na dakika 30, mwingine anasikia "kumi na mbili hamsini" anaandika dakika 50. Tofauti ni dakika 20, kila dakika ya latitudo, ile namba ya kaskazini-kusini, ni kama kilomita 1.85, piga hesabu: kilomita 37 mbali na ulipo. Nishakaa na redio nikisikiliza helikopta inazunguka bonde ambalo halina mtu kwa sababu ya hicho kinukta tu.

Halafu watu wakiisikia inakuja wanatandaza kila kitu cha rangi katikati ya uwazi ili waonekane, kile kigodoro cha kulalia, hema, lile blanketi la dharura linalong'aa kama karatasi ya chokoleti. Upepo wa mapanga unavinyanyua vyote, na blanketi likivutwa juu kwenye mapanga mnakuwa na ajali mbili badala ya moja. Funga kila kitu, kofia vua, moto zima. Asimame mtu mmoja pembeni, mgongo kwenye upepo, mikono yote miwili juu kama herufi Y, maana yake ndio tunahitaji msaada. Mkono mmoja juu mmoja chini ni hapana, kwa hiyo usiwapungie marubani kwa mkono mmoja kama unaaga basi. Usiku usimmulike rubani na tochi.

Ikitua kaa palepale mpaka wakuite, ukiitwa nenda kwa mbele anakokuona, umeinama, mkiani usikanyage kabisa. Na kamwe usiiendee ukitokea upande wa juu wa mteremko, huko ardhi inapanda kuyafuata mapanga, na yakipunguza mwendo ncha zake zinalegea zinashuka usawa wa kichwa.

Zile sehemu ninazozikataa, na ni nyingi kuliko ninazozikubali, zinabaki za winchi, yaani helikopta inaning'inia juu inashusha mtu na kamba ya chuma. Ile ndoano iache iguse chini kwanza ndo uishike, manake inakuja na umeme iliokusanya hewani na unapiga kweli. Na usiifunge kwenye mti wala jiwe wala mkoba wako, hata kama upepo unaiyumbisha, hapo unakuwa umeifunga helikopta yenyewe.