Bosi wa inverta: wanavyomdhania na alivyo

Gari la umeme likisifiwa, sifa zote huenda kwa betri. Inverta, kisanduku kilicho kati ya betri na mota kinachogeuza umeme wa betri ili mota iutumie, hakuna anayeitaja, na bosi wa wahandisi wanaokibuni ndiye asiyeeleweka kabisa.

Dhana: Bosi huyo ni yule anayejua saketi kuliko wenzake wote.

Saketi lazima azijue, lakini kinachomnyima usingizi ni pale kazi ya idara moja inapogusa ya nyingine. Februari 2014 Toyota iliagiza Prius zipatazo milioni 1.9 zirudishwe kwa marekebisho, kisa ni inverta. (Prius ni haibridi, yaani hutumia petroli na umeme, ila inverta yake inafanya kazi ileile.) Jinsi programu ilivyopangwa, transista fulani (swichi za umeme ndani ya inverta) zingeweza kupata joto kupita kiasi na kuharibika. Gari lingepungukiwa nguvu, au hata kusimama njiani. Dawa ilikuwa programu mpya. Basi kosa hilo ni la nani, mwandishi wa programu au mteuzi wa transista? Mara nyingi hao ni watu wa idara mbili, na anayepaswa kuwakalisha meza moja kabla gari halijatoka kiwandani ni bosi huyu.

Dhana: Inverta haipotezi umeme, kwa hiyo joto si shida.

Piga hesabu. Inverta inapitisha kilowati 150 kwa ufanisi wa asilimia 98. Hizo asilimia 2 ni kilowati 3, yaani pasi tatu za wati 1,000 zimewashwa ndani ya kisanduku unachoweza kukibeba mikononi. Kugeuza umeme mnyoofu wa betri kuwa mkondo geu wa mota, transista hujiwasha na kujizima maelfu ya mara kila sekunde, na kila mara kuna kinachopotea. Ukipanda mlima zinachemka, ukishuka zinapoa. Zikitanuka na kunywea hivyo miaka nenda miaka rudi, maungio yaliyolehemiwa huanza kupasuka. Ndiyo maana mtu wa mfumo wa kupoza hawezi kuitwa mwishoni, kisanduku kikishachorwa.

Dhana: Kiongozi hodari huchagua kipuri bora kuliko vyote.

Mwaka 2017 Model 3 ya Tesla ilitoka na transista za silikoni kabaidi, ambazo hupoteza umeme kidogo kuliko silikoni ya kawaida. Machi 2023 Tesla hiyohiyo ikatangaza kwamba mtambo wake wa kuendesha gari wa kizazi kijacho utatumia silikoni kabaidi pungufu kwa asilimia 75. Ukidhani wamerudi nyuma, mimi nakataa. Silikoni kabaidi ni ghali, na kuizalisha kwa wingi ni kazi. Kujua uitumie wapi na uiache wapi ni kugumu kuliko kuijaza kila mahali.

Dhana: Cheo hiki ni cha watu wa fedha.

Drew Baglino aliingia Tesla 2006 akiwa mhandisi wa umeme. Alipoondoka Aprili 2024 alikuwa makamu mkuu wa rais, mifumo ya mwendo (inverta ikiwemo) na nishati ikiwa chini yake.