Mada yangu imekataliwa, basi ni mbovu? Dhana potofu kuhusu mchujo

Kila tukitangaza mkutano wetu wa teknolojia hapa Lamu, maneno ni yaleyale barazani. Kamati yetu ni ya kujitolea: mwalimu, nahodha wa boti, wanafunzi wawili na mimi muuza simu. Tunasoma mapendekezo ya wanaotaka kuzungumza mkutanoni baada ya isha.

"Wanachukuana wanaojuana."
Raundi ya kwanza tunasoma bila majina. Pretalx, programu huria ya kupokea mada ambayo hata FOSDEM, mkutano mkubwa wa programu huria wa Brussels, huitumia, inaweza kumficha mwombaji. Ila mtu akiandika "nilipotengeneza mfumo wa tiketi za boti za Mokowe", mji mzima umeshamjua! Kwa hiyo mmoja wetu hupita kwanza akafuta vidokezo vya namna hiyo, naye hatoi alama.

"Mwenye alama nyingi ndiye anayeingia."
Alama hupanga foleni tu. Chukulia nafasi ni 12, na mada sita za akili unde zote zimepata 4 kati ya 5. Tukizibeba zote, fundi wa mitandao aliyevuka maji asubuhi atakaa mpaka jioni bila la kwake. Tunachukua mbili. Mbili nyingine tunaziomba zikae akiba, maana hakosekani wa kuugua au kunyimwa ruhusa kazini. Zilizobaki si mbovu, na barua ya kukataa inasema hivyo, pamoja na sababu. Barua hizo hatuzitumi mpaka waliokubaliwa wathibitishe. Ukishamwambia mtu hapana, kumrudia wiki ya pili ni aibu.

"Saa sita usiku ni saa sita usiku."
Mikutano mingi ya nje hufunga kupokea mada saa 23:59 "popote duniani", yaani kwa saa za mwisho kabisa, saa 12 nyuma ya Greenwich. Sisi tuko saa 3 mbele. Tarehe ya mwisho ikiwa Ijumaa, kwetu mlango unafungwa Jumamosi saa nane na dakika 59 mchana. Kijana wetu mmoja alilala na huzuni Ijumaa hiyo, kumbe alikuwa na asubuhi nzima.

"Mkishachagua, mmemaliza."
Ndiyo kwanza simu zinaanza. Mwaka jana ratiba iliandika "saa 4", msemaji wetu mgeni akaja alasiri, na watu wameshakula wakaondoka.