Tatizo si zum, ni hewa

"Ongeza zum!" Darubini ikisimamishwa ufukweni, iwe Shangani au Mikindani huku Mtwara, neno hilo halikosi. Mshtarii unachezacheza kama uko chini ya maji, basi mtu anataka awekewe lenzi ya jicho yenye nguvu zaidi. Ukikuza picha iliyovurugika unapata vurugu kubwa zaidi, tena yenye giza. Boksi la darubini yenye lenzi ya mbele ya upana wa milimita 70 huandikwa "mara 525". Kikomo chenye maana ni mara 2 kwa kila milimita, yaani 140, na usiku mwingi hata hiyo haifikiki.

Anayeharibu ni hewa. Tabaka za joto na baridi zikichanganyika, kila moja hupinda mwanga kivyake. Hata kwenye vilele vya milima vilivyo bora kwa darubini, mwanga unaoonekana hufika ukiwa umenyooka kwa upana wa sentimita 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo darubini ya mita 10 isiyorekebishwa hukusanya mwanga mwingi, lakini kwa ukali wa picha haiipiti sana ya sentimita 20. Mwaka 1953 mwanaastronomia Horace Babcock alipendekeza dawa: pima mvurugiko, kisha pinda kioo kinyume chake. Leo darubini kubwa za Keck kule Hawaii na VLT kule Chile hufanya hivyo mamia ya mara kwa sekunde, kwa kioo chembamba kinachosukumwa kutoka nyuma. Ukichelewa milisekunde chache, unarekebisha hewa iliyokwisha kupita. Tafadhali, basi, tusiseme tena kwamba "wanasafisha picha kwenye kompyuta". Mwanga hunyooshwa kabla haujagusa kamera.

Huku Mtwara kioo hicho hatuna, ila mengine yako mikononi mwako. Simamisha darubini kwenye mchanga au nyasi, si kwenye saruji iliyokunywa jua mchana kutwa, wala usiangalie juu ya bati la jirani. Itoe nje saa nzima mapema. Kama ilikuwa kwenye chumba chenye AC, iache na vifuniko vyake mpaka izoee joto, la sivyo unyevu wa pwani utatanda kwenye lenzi kama umande. Na ukitanda, usifute! Subiri sayari ivuke nyuzi 30 juu ya upeo. Tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, sayari hupanda juu sana. Kuziangalia zikiwa upeoni ni kujitesa bure.

Yako na mengine yanayosemwa juu ya darubini kubwa, nayo si kweli. "Leza inapigwa mpaka kwenye nyota." Haifiki. Leza hiyo, inayorushwa kutoka kwenye darubini, huamsha tabaka la sodiamu, kilomita 90 hivi juu, ling'ae na ipatikane nyota bandia ya kupimia hewa pale ambapo nyota angavu haipo jirani.

"Hubble imezistaafisha darubini za ardhini." Hubble ni darubini iliyo angani, juu ya hewa. Kioo chake ni mita 2.4, vya VLT ni mita 8.2. Mwaka 2018 VLT ilipiga picha ya Neptuni kali kuliko picha za Hubble za aina hiyo.

   

"Mtafiti wa sayari hukesha akichungulia." Hukaa mbele ya kompyuta, mara nyingi mbali na darubini yenyewe, pamoja na watu wa hesabu, elektroniki na programu. Hifadhi za data za Keck na za ESO, shirika la Ulaya lenye VLT, ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, data mpya zikisubiri kwanza uishe muda aliotengewa mtafiti aliyezikusanya. Kijana anayeitaka kazi hii ajifunze kwanza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Darubini atanunua baadaye.