Banda la Kinyonga: Ukuta Kwanza, Manyunyu Baadaye

Karibu kila anayenijia na mchoro wa banda la kinyonga analotaka kujitengenezea huanza kwa kuuliza anunue pampu ipi ya kunyunyizia maji na afunge nozeli (vichwa vya kunyunyizia) ngapi. Mimi humwomba aiweke pampu kando kwanza, anieleze kuta atazijenga kwa kitu gani. Katika mabanda niliyojenga na yale niliyoitwa kuyakarabati, shida haikuwa mara nyingi wingi wa maji yaliyoingia, bali muda ambao maji hayo yalichukua kuondoka, na muda huo huamuliwa na ukuta. Kinyonga anahitaji makazi yanayolowa vizuri na kukauka vizuri kila siku. Kulowesha ni kazi ambayo hata chupa ya kunyunyizia inaiweza. Kukausha ndiko kunakohitaji ufundi.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Vinyonga kwa kawaida hawanywi maji yaliyotulia bakulini. Wanayatambua maji yanapong'aa na kutikisika juu ya majani. Mtazame mmoja kwa karibu asubuhi, baada ya manyunyu ya kwanza: hukaa kimya kwa muda, jicho moja likifuata tone linaloteremka kwenye ukingo wa jani, kisha husogeza kichwa polepole, hugusa tone kwa ncha ya ulimi, hufunga mdomo, na koo hucheza kidogo anapomeza. Mara nyingi hufumba macho na kuyazungusha mpaka yanavimba, akiyasafisha kwa maji yaliyomwangukia. Anayeliona hilo kwa mara ya kwanza hudhani mnyama ameumia. Hajaumia. Yote haya huchukua dakika kadhaa, na ndiyo sababu manyunyu ya sekunde kumi hayamsaidii: majani hulowa na kukauka kabla hajaamua kunywa.

Kwa kinyonga mzima wa aina zinazofugwa sana, yaani kinyonga wa Yemeni (Chamaeleo calyptratus) na kinyonga chui wa Madagaska (Furcifer pardalis), mimi sijengi banda lililo dogo kuliko sentimita 60 kwa 60 kwa upana na kina, na kimo cha sentimita 120. Hewa iliyomo ndani ya banda hilo ni karibu mita za ujazo 0.43. Katika joto la nyuzi 25, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya takriban gramu 23 za mvuke, kwa hiyo hewa yote ya banda, hata ikijaa unyevu kabisa, inabeba gramu 10 hivi, ambazo ni vijiko viwili vya chai. Pampu ya kawaida hunyunyiza mamia ya mililita kwa siku. Mengine yote yanakwenda wapi? Yanakaa juu ya majani, yanapenya kwenye mbao, yanatiririka hadi sakafuni, na yaliyobaki hutoka na hewa. Ukishaielewa hesabu hiyo, utaacha kuliona banda kama chungu cha kujaza mvuke na utaanza kuliona kama paa la nyumba, ambalo swali lake kubwa ni maji yatatoka kwa njia ipi.

Kuna njia tatu za kujenga kuta: wavu pande zote, kuta zilizozibwa pande zote, au mchanganyiko wa hizo mbili. Banda la wavu mtupu hukauka upesi na hewa yake ni safi daima, lakini katika chumba chenye hewa kavu, hasa kinachopashwa joto au kupozwa kwa mashine, unyevu hutoweka dakika chache baada ya pampu kuzima. Banda la kioo lililozibwa kupita kiasi lina kasoro iliyo kinyume, nayo ni mbaya zaidi, kwa sababu hewa hutuama, majani hubaki na maji mchana kutwa chini ya taa, na kinyonga huanza kupumua kwa mdomo wazi huku ute ukionekana puani au mdomoni. Siku hizi karibu mabanda yangu yote ni ya mchanganyiko: mgongo na pande mbili zimezibwa, juu ni wavu, na sehemu ya chini ya mlango wa mbele nimeacha ukanda wa wavu wenye kimo cha sentimita 10 hivi. Taa zinapopasha hewa ya juu, hewa hiyo hupanda na kutoka, na nyingine huvutwa kuingia kupitia ule ukanda wa chini, kama moshi unavyovutwa na dohani. Usipouweka ukanda huo, upitishaji wa hewa hufa hata kama juu pako wazi kabisa.

Kuhusu wavu wenyewe nina msimamo mkali. Wavu wa nyuzi za plastiki wa kuzuia mbu usitumike popote kinyonga atakapoweza kupanda, kwa kuwa nyenje na panzi wanaoachwa bandani kama chakula huutafuna, na kucha za kinyonga hunasa ndani ya matundu yake madogo. Miguu yake imeumbwa kama koleo, vidole vimeungana viwili upande mmoja na vitatu upande mwingine, kwa ajili ya kuzunguka tawi. Anapopanda wavu laini, ukucha mmoja huingia tundu hili na mwingine tundu lile, naye huvuta kwa nguvu zote. Nimewahi kukata uzi mmoja mmoja kwa mkasi wa kucha ili kumkomboa jike aliyekuwa amevimba kidole, na tangu siku hiyo sikurudia wavu ule. Waya uliopakwa zinki peke yake nao naukataa, kwani hukwaruza na zinki yake si kitu cha kulambwa kila siku pamoja na matone ya maji. Uliofunikwa kwa plastiki ngumu, wenye matundu ya milimita 6 hadi 12, ni mzuri zaidi kwa mlango na sehemu za kupanda. Wavu wa alumini unafaa kwa paa na kwa ukanda wa chini, ila ukumbuke kwamba wavu wa paa hupunguza mionzi ya urujuanimno aina ya UVB inayotoka kwenye taa yake maalumu, na kioo huizuia karibu yote, hivyo taa hiyo isiwekwe kamwe juu ya kioo.

Kwa kuta zilizozibwa, chaguo langu la kwanza ni ubao mwepesi wa plastiki ya PVC, ule unaotumika kutengenezea mabango. Haunyonyi maji, hukatwa kwa kisu kikali na rula, hushika skrubu, na hutunza joto kuliko kioo. Udhaifu wake ni joto kali, maana hulainika, na kwa hiyo taa ya kuotea (ile ya kumpasha kinyonga joto) huning'inizwa nje juu ya wavu, mbali na kingo za ubao. Plastiki ngavu ya akriliki hupinda ikilowa upande mmoja na kupata joto, na kwa mlango mkubwa huwa haifungi tena baada ya miezi michache. Kwa mlango wa kuonea ni afadhali kioo.

Plaiwudi ndiyo inayopatikana kirahisi, na ndiyo inayowaponza wengi. Haiharibikii katikati ya ubao bali kwenye kingo, pale matabaka yake yanapoonekana, kwa sababu maji huingia kati ya tabaka na tabaka na kuyafanya yavimbe. Ukiamua kuitumia, piga vanishi ya kiyeyushi cha maji angalau mara tatu, uzipe kingo na matundu ya skrubu vanishi ya ziada kabla ya kuunganisha, kisha viungio vyote uvizibe kwa silikoni tupu isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu. Silikoni nyingi hutoa harufu kama ya siki zinapokauka. Mradi unaisikia harufu hiyo, banda halijawa tayari. Vanishi nayo huhitaji siku nyingi kuliko inavyoonekana kwa kuigusa, nami husubiri wiki mbili. Mbao zenye harufu kali ya mafuta, kama za mwerezi, ziachwe.

Sakafu iwe tupu, bila udongo wala maganda, na iinamishwe kidogo kuelekea tundu lenye bomba la kutolea maji hadi kwenye ndoo. Mimea ibaki ndani ya vyungu vyake, juu ya vigae vidogo, ili maji yapite chini yake. Wanaotaka sakafu ya udongo yenye mimea hai wanaweza kufanikiwa, lakini hiyo ni kazi ya banda la pili au la tatu.

Baada ya hayo ndipo tunafika kwenye pampu. Chupa ya mkono inafaa kwa kinyonga mmoja na mtu anayekaa nyumbani, mradi ana subira ya kunyunyiza kwa dakika mbili nzima. Kwa asiye na nafasi hiyo, pampu ya diaframu (inayosukuma maji kwa utando unaocheza) yenye msukumo wa takriban baa 7 hadi 8, mpira mwembamba wa inchi robo na nozeli mbili hutosha banda nililolitaja. Pima nozeli zako kabla ya kuzifunga: elekeza kila moja ndani ya kikombe, washa pampu kwa dakika moja, pima maji. Zangu hutoa mililita 80 kila moja, kwa hiyo kwa dakika mbili alfajiri na dakika mbili usiku banda hupokea mililita 640 kwa siku, na ndoo ya chini lazima ibebe kiasi hicho kwa siku zote ambazo hutaimwaga. Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini saa ya swichi, ile inayowasha na kuzima pampu yenyewe, ikiwa na vipande vya dakika kumi na tano haifai: mara moja tu ikiwaka, lita 2.4 ziko sakafuni. Nunua yenye kuhesabu sekunde.

Nozeli zielekezwe kwenye majani, si kwenye kinyonga, na zisiwe karibu na taa ya kuotea, maana tone la maji baridi linaweza kupasua balbu iliyo moto. Jambo lisiloandikwa sana ni ule mpira unaopita juu ya banda. Ukipita karibu na taa, maji yaliyobaki ndani yake hupata moto, na ukinyunyiza mchana, maji ya kwanza hutoka yakiwa ya kuunguza. Nililigundua kwa kiganja changu nilipokuwa nikisafisha nozeli, na tangu hapo mpira naupitisha nyuma ya ukuta, mbali na taa zote.

Kifaa cha ukungu, kile kinachotikisa maji mpaka yawe moshi mweupe, ni suala tofauti na pampu na kisichukuliwe kuwa mbadala wake. Ukungu si wa kunywa. Ni wa kuvutwa pumzini usiku, kinyonga akiwa amelala katika baridi. Kuuwasha mchana katika banda lenye joto ni kukaribisha ugonjwa wa mapafu. Hata kabla ya kukinunua, jua kwamba usiku hukusaidia bure: hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 50, ikipoa hadi nyuzi 18, hufika karibu asilimia 75 bila tone moja kuongezwa. Ndiyo maana nawasihi watu wapoze chumba usiku kabla ya kuongeza mashine. Ukikiweka, kisafishe kila wiki, kwani hurusha hewani kila kilichomo majini, chumvi na vijidudu pamoja.

Kwa sababu ya chumvi hizohizo, mimi hutumia maji yaliyochujwa kwa osmosisi au yaliyokenekwa. Maji magumu huacha chokaa ndani ya tundu dogo la nozeli, na dalili ya kwanza ni nozeli inayotoa mshale badala ya manyunyu. Iloweke katika siki usiku mmoja. Ndoo ya kuvutia maji iwe isiyopitisha mwanga ili isiote mwani, na isiachwe kukauka, kwa kuwa pampu ikizunguka bila maji kwa muda mrefu inaweza kuharibika.

Banda likishakamilika, liendeshe tupu kwa wiki nzima, mimea ikiwa ndani na taa zikiwaka kwa saa zake. Weka vipimaunyevu viwili vya kidijitali, kimoja kwenye kimo cha tawi la kuotea na kingine chini. Kwa kinyonga wa Yemeni na yule chui natafuta asilimia 80 na zaidi usiku, kisha kushuka hadi kati ya 30 na 50 ifikapo mchana. Zaidi ya namba hizo, tumia vidole: muda wa saa nne ukishapita tangu manyunyu ya alfajiri, papasa upande wa chini wa majani mapana, viungio vya pembe na kitako cha kila chungu. Palipo na maji bado, hewa haifiki hapo. Katika banda langu la mwisho kona moja ya nyuma ilibaki mbichi mpaka jioni kwa siku tatu mfululizo. Nikapunguza matawi mawili ya mfikasi yaliyoiziba, nikageuza nozeli ya kushoto kidogo kuelekea mbele, na siku ya nne kona ile ilikuwa kavu kabla ya adhuhuri.