Je, wajua kwa nini kipimo cha "mara 15" hakitoshi kuchuja benki kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam?

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Dodoma aliniletea simu yake pamoja na swali zuri sana. Alikuwa ametazama video ya Mmarekani anayefundisha kutafuta hisa za bei nafuu kwa kutumia kichujio: unaweka masharti yako, unabonyeza, na kati ya maelfu ya kampuni unabakiwa na majina 20 au 30. Mwalimu akachukua sharti lile lile kuu, kwamba bei ya hisa isizidi mara 15 ya faida ya mwaka ya kila hisa, akalipima kwenye benki zilizoorodheshwa Dar es Salaam. "Kaka, mbona CRDB imepita, NMB nayo imepita, tena kwa mbali? Ina maana zinauzwa bei ya kutupa?"

Si lazima. Sababu yake inafaa kueleweka na kila mtu mwenye programu ya kununulia hisa ya Hisa Kiganjani kwenye simu yake, kwa sababu ukiikosa utanunua vitu kwa kuamini kipimo kilichokatwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Kichujio chenyewe si chombo cha ajabu. Ni jedwali kubwa ambalo kila kampuni ina mstari wake: bei ya leo, faida, gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa), madeni, idadi ya hisa zinazouzwa kwa siku. Wewe unaandika sharti, na kompyuta inafuta kila mstari usiolitimiza. Tovuti za Finviz, Yahoo Finance na TradingView zote hufanya kazi hiyo hiyo kwa sura tofauti. Na wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Benjamin Graham, mwekezaji aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, alikuwa akichuja kampuni kwa kusoma hesabu zake. Kwa mwekezaji mwenye tahadhari alipendekeza bei isizidi mara 15 ya wastani wa faida ya miaka 3, kampuni iwe imelipa gawio miaka 20 mfululizo, na mali zake za muda mfupi zifike angalau mara mbili ya madeni yake ya muda mfupi. Ile "mara 15" ya kwenye video imetoka huko.

Sasa tuipime kwa kampuni ya kwetu. Mwaka 2023 benki ya CRDB ilipata faida ya takribani shilingi bilioni 420 baada ya kodi. Hisa zake ni takribani bilioni 2.61. Gawanya, utaona kila hisa ilizalisha kama shilingi 160. Mtu aliyenunua hisa hiyo kwa shilingi 500 alilipa mara 3 hivi ya faida ya mwaka mmoja. Kwenye programu namba hiyo huandikwa chini ya herufi P/E. Ukiiweka mbele ya sharti la mara 15, inapita bila hata kuinama.

Namba hii huwa wazi zaidi ukiigeuza. Badala ya kugawanya bei kwa faida, gawanya faida kwa bei. Mara 15 maana yake ni kwamba kila shilingi 100 uliyolipa inazalisha faida ya shilingi 6 na senti 67 kwa mwaka. Asilimia 6.67. Jiulize basi: nani Tanzania angekubali asilimia hiyo kwa kubeba hatari ya biashara, wakati Serikali iliweza kumlipa zaidi ya maradufu akiwa amekaa tu? Hatifungani ya Serikali (mkopo unaoipa Serikali, nayo inakulipa riba) ya miaka 25 ilipoanza kutolewa na Benki Kuu mwezi Aprili 2021, riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka. Marekani, kwa sehemu kubwa ya miaka ya 2010, hatifungani ya Serikali ya miaka 10 ililipa chini ya asilimia 3. Kwa mtu wa New York, hisa inayozalisha asilimia 6.67 ni neema. Kwa mtumishi wa Mtumba, Mji wa Serikali, aliyejua mwaka 2021 kwamba kulikuwa na karatasi ya Serikali yenye asilimia 15, ilikuwa hasara ya kujitakia.

Ndiyo maana bei za hisa zetu nyingi hukaa chini zikilinganishwa na faida. Soko limekwisha kupiga hesabu ya hatifungani kabla yako. Chukua 100, igawanye kwa 15.95, unapata 6.3 hivi, hicho ndicho kilikuwa kizingiti cha karibu zaidi na hali yetu ya mwaka 2021 kuliko 15. Nasema cha karibu kwa sababu riba ya hatifungani haikui, na faida ya kampuni nzuri hukua, kwa hiyo mwekezaji anaweza kukubali kulipa zaidi kwa biashara inayopanuka. Kwa upande mwingine, faida yote haiji mfukoni mwako. Kwa mwaka ule ule wa 2023, katika zile shilingi 160, CRDB iligawa shilingi 50 kwa hisa, nyingine zikabaki kukuza benki. Na katika zile 50, kodi ya zuio ya asilimia 5 hukatwa kabla hujaziona. Kwa hiyo riba za hatifungani zikibadilika, badilisha na kichujio chako. Sharti la mwaka 2021 si lazima lifae leo.

Lakini hata kizingiti sahihi hakikuambii kwa nini kampuni imekuwa ya bei ya chini, na hapo ndipo pesa za watu wengi hupotea.

Rudi nyuma kidogo. CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja. Miaka 10 baadaye, mwishoni mwa 2019, hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa chini ya shilingi 100, ingawa faida ya mwaka huo ilifika shilingi bilioni 120, yaani kama shilingi 46 kwa kila hisa. Mara 2 ya faida! Kichujio chochote kingeiwashia taa ya kijani. Sababu ya soko kununa ilikuwepo: miaka miwili kabla, mwaka 2017, faida ilikuwa imeshuka hadi bilioni 36 hivi, na watu hawakuamini kwamba imepona kweli. Waliokaa chini wakasoma hesabu za benki, wakaona mikopo mibovu inasafishwa na faida inapanda, walikuja kuiona bei ikivuka shilingi 500.

Uchumi, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilikuwa na mwisho tofauti kabisa. Iliorodheshwa Dar es Salaam mwaka 2014, na hesabu zake za mwaka huo zilionyesha faida. Jina kubwa, maduka nchi tatu, namba za kijani. Oktoba 2015 ilifunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda. Aliyetazama safu ya faida peke yake hakuona kitu. Dalili huwa mahali pengine: rafu zinazokaa tupu, wauzaji wa bidhaa wasiolipwa kwa wakati, fedha taslimu zinazopungua wakati faida ya kwenye karatasi inapanda.

Watu wa kwetu wanalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Kwenye soko la mahindi la Kibaigwa chekecheke hutoa mawe, pumba na punje zilizovunjika, na punje nono hubaki juu. Lakini chekecheke haioni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Chemba na Kondoa, na yenyewe haionekani kwa macho. Kwa sumukuvu unahitaji kipimo cha aina nyingine, na kwa hisa kipimo hicho ni kusoma ripoti ya mwaka ya kampuni, hasa taarifa ya mtiririko wa fedha na maelezo yanayofuata baada ya mizania, yaani jedwali la mali na madeni.

Yapo masharti mengine ya video za nje yanayoharibika kabisa yakifika hapa. La madeni ndilo baya zaidi. Ukiagiza kichujio kifute kila kampuni yenye madeni makubwa kuliko mtaji, kitafuta benki zote, kwa sababu amana za wateja, zikiwemo akiba zako na zangu, ni madeni ya benki. Ndiyo kazi yake. Na kwa kuwa benki ni sehemu kubwa ya orodha ya Dar es Salaam, utakuwa umefuta sehemu kubwa ya soko. Kwa benki uliza mambo mawili ambayo Benki Kuu nayo huyauliza: mikopo chechefu, yaani isiyolipwa inavyotakiwa, ni asilimia ngapi ya mikopo yote, maana kiwango kinachotakiwa ni kisizidi 5, na gharama za uendeshaji zinakula kiasi gani cha mapato, ambapo kiwango ni asilimia 55. Kiwanda cha saruji kipime kwa deni. Benki ipime kwa mikopo yake. Kuziweka kwenye chujio moja ni kuzionea zote mbili.

Gawio linalong'aa nalo litazame mara mbili. Asilimia ya gawio ni gawio kugawanywa kwa bei, kwa hiyo bei ikiporomoka asilimia inapanda yenyewe, bila kampuni kutoa hata senti ya ziada.

Kisha kuna ukwasi, yaani urahisi wa kununua na kuuza hisa, jambo ambalo video za Marekani karibu hazilitaji kwa sababu huko si tatizo kwa mtu mdogo. Hapa ni tatizo. Kampuni nyingi zilizoorodheshwa zina mwenye hisa mmoja anayeshikilia sehemu kubwa. Tanzania Cigarette, kwa mfano, asilimia 75 yake iko mikononi mwa kundi la Japan Tobacco. Vodacom Tanzania, ilipouza hisa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, iliuza asilimia 25 tu. Kinachobaki kuzunguka sokoni ni kidogo, na katika hicho kidogo wengi wamenunua ili wakae nacho. Unaweza kuona bei nzuri kwenye skrini, ukaweka oda ya kununua, ukangoja. Kibaya zaidi ni siku ya kuuza, mtoto anatakiwa chuoni na mnunuzi hayupo. Kwangu mimi sharti la kwanza kabisa la kichujio cha Tanzania lingekuwa hili: je, hisa hii huuzwa kila siku, au bei ninayoiona ni ya mwezi uliopita?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar es Salaam, kama KCB na East African Breweries. Hisa zao huuzwa zaidi Nairobi. Bei ya Dar inaweza kukaa pale pale wakati ya Nairobi imekwenda mbali, na hesabu zao ziko kwa shilingi ya Kenya. Jedwali likigawanya bei ya shilingi ya Tanzania kwa faida ya shilingi ya Kenya bila kubadili fedha, namba inayotoka haina maana yoyote, hata kama imeandikwa vizuri na desimali mbili.

Habari njema, na hii ndiyo niliyomwambia mwalimu, ni kwamba hatuhitaji kungoja mtu atutengenezee kichujio. Kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam hazifiki hata 40. Ni jedwali la jioni moja. Bei na idadi ya hisa zilizouzwa hutolewa na soko lenyewe kila siku ya biashara, na benki hutangaza hesabu zao kila robo mwaka magazetini na kwenye tovuti zao. Fungua jedwali kwenye simu au kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu. Andika kampuni upande wa kushoto, kisha bei, faida kwa hisa ya miaka 5 (si ya mwaka mmoja, mwaka mmoja hudanganya), gawio la miaka hiyo hiyo, na siku ngapi kati ya 20 zilizopita hisa hiyo iliuzwa. Kwa benki ongeza mikopo chechefu. Kwa viwanda ongeza madeni na fedha taslimu zilizotokana na shughuli za biashara.

Faida ya kuliandika kwa mkono wako ni kubwa kuliko jedwali lenyewe. Ukinakili faida ya miaka 5 ya kampuni moja utaona mwaka uliopanda ghafla, na utataka kujua kwa nini. Labda waliuza kiwanja au jengo, na faida hiyo haitarudi mwaka ujao. Kichujio cha tayari kingekupa wastani tu na ungepita.

Ukishabakiwa na majina matatu au manne, pakua ripoti ya mwaka ya kila moja na uanzie nyuma. Tafuta ukurasa unaoorodhesha wanahisa 10 wakubwa, uone nani anaingia na nani anatoka, kisha maelezo ya mikopo au ya madeni, kisha maoni ya mkaguzi. Barua ya mwenyekiti yenye picha nzuri iache mwisho.