Picha ya kuibia si ya kweli zaidi
Wengi huamini kwamba picha halisi ya mtu anayelala mitaani ni ile ya kuibia, kabla hajajua anapigwa picha. Sivyo. Picha hiyo humwanika zaidi mpigaji: umbali wake, haraka yake, woga wake.

Mpiga picha Mwingereza Lee Jeffries alijifunza hilo London mwaka 2008, alipompiga picha kwa mbali msichana aliyelala nje. Binti akamwona, akamfokea. Jeffries angeweza kwenda zake. Badala yake alimwendea, akaomba radhi, wakazungumza. Tangu hapo huanza na maongezi, kamera baadaye.

Na zile picha zake za nyuso, nyeusi na nyeupe, zenye makunyanzi makali? Vivuli na mwanga hukolezwa baada ya kupiga, kwa hiyo sehemu ya uchovu unaoonekana usoni ni mkono wa msanii.